Bi harusi, hayo si mafua ya kufunikwa kwa udi



Harusi zetu zina matayarisho ambayo mtu wa nje akiyaona hustaajabu. Miezi kabla, bi harusi anaanza kusingwa. Liwa inasagwa, hina inapangiwa siku yake, asumini na vilua vinaagizwa kwa ajili ya vikuba, na udi wa harusi unatiwa kwenye kopo peke yake usije ukachanganyika na ule wa kila siku. Tunauliza ngozi yake imeng'aa kiasi gani, nywele zimekua kiasi gani, mguu umeiva hina au bado. Swali moja ndilo hatuliulizi: huyu mtoto ni mzima?

Nalisema hili kwa sababu ya tatizo moja linalowapata mabibi harusi wengi na likapita bila ya kupewa jina lake. Pua imeziba wiki ya pili sasa. Uso mzito kama umefungwa kitu. Kichwa kinagonga kila akiinama. Akisema, anaambiwa ni mafua tu, au ni wasiwasi wa harusi, au kuna mtu amemtia jicho. Akirudia kusema, anaonekana anadeka. Basi ananyamaza, chetezo kinaletwa, na anafukizwa zaidi.

Maoni yangu ni haya: bi harusi wa namna hiyo hahitaji udi mwingine. Anahitaji mtu wa kukaa naye na kumuuliza anaumwa wapi na tangu lini. Mara nyingi kinachomsumbua ni maambukizi ya sainasi, na dalili zake si ngumu kuzijua. Mama, somo, shangazi na bi harusi mwenyewe wote wanaweza kujifunza kuzitambua.

Sainasi ni nini hasa

Ndani ya mifupa ya uso mna vijumba vitupu vya hewa. Vipo jozi nne: ndani ya mashavu, juu ya nyusi, katikati ya macho, na jozi ya mwisho iko nyuma kabisa ya pua. Vijumba hivi vimetandikwa utando laini unaotoa ute, na ute huo husukumwa taratibu kutokea kwenye vitundu vidogo vinavyofunguka puani. Fikiria nyumba yenye mfereji mmoja mwembamba wa kutolea maji. Mfereji ukiwa wazi, nyumba ni kavu. Ukiziba, maji yanatuama, na kilichotuama huoza.

Kinachoziba mara nyingi ni uvimbe wa mafua ya kawaida. Wengine ni aleji, wengine ni moshi, wengine wana vinyama puani au ukuta wa pua uliopinda. Na wapo ambao tatizo linaanzia kwenye jino bovu la juu, kwa sababu mizizi ya magego ya juu iko jirani mno na kijumba cha shavuni.

Dalili zenyewe

Dalili kubwa ni nne, na nakuomba uzikariri kama unavyokariri siku za hina:

- Kamasi nzito, za manjano au kijani, zinazotoka puani au zinazoteremka nyuma ya koo.
- Pua kuziba, upande mmoja au pande zote mbili.
- Maumivu au uzito usoni: mashavuni, kwenye paji, katikati ya macho.
- Kupungukiwa na harufu, au kutosikia harufu kabisa.

Zikifuatana na hizi huja nyingine: kichwa kuuma, meno ya juu kuuma ingawa hayana tundu, masikio kuwa kama yameziba, kikohozi kinachozidi usiku ukilala, homa, uchovu usio na sababu, na mdomo kutoa harufu.

Sisi tunaosali tuna mahali pa kuitambua mapema. Maumivu ya sainasi huzidi mtu anapoinama. Mwanamke anaweza kushinda kutwa akidhani ni uchovu tu, lakini akienda rukuu na kusujudu anahisi uso unajaa na paji linataka kupasuka, kisha akikaa linapungua kidogo. Dada yangu, ukiona hivyo sala baada ya sala, mwili wako unakueleza kitu.

Kupotea kwa harufu nako tusikuchukulie mzaha. Bi harusi wa visiwani anaishi ndani ya harufu: asumini, mrehani, liwa, udi, mawardi. Siku akisema udi haunukii, msidhani mwenye duka amewadanganya. Huenda ni pua yake.

Harufu ya mdomo si uchafu

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na ndiyo sababu ya kuandika.

Katika mafunzo ya ndani tunamwambia bi harusi mambo mengi juu ya usafi na manukato. Ni mafunzo mazuri. Lakini yana upande mchungu: mwanamke anayetoa harufu mdomoni huhukumiwa papo hapo kuwa si msafi. Kamasi zilizotuama na kuteremka nyuma ya koo zinaweza kuleta harufu mbaya hata kwa mtu anayepiga mswaki mara tatu na kutafuna karafuu kutwa. Atapiga mswaki mpaka fizi zitoke damu, na harufu haitoki, kwa sababu haianzii kwenye meno.

Sasa mfikirie msichana huyu katika fungate. Hajamzoea mume wake. Anageuza uso akisemeshwa. Anaona haya kukaribiwa. Mume anadhani hapendwi, wifi wanaanza kunong'ona, na maneno yanafika kwa mama mkwe. Ndoa changa inaanza kwa fedheha juu ya jambo ambalo daktari angelishughulikia. Mimi naona hiyo ni dhuluma, na tunaifanya wenyewe kwa wenyewe, wanawake kwa wanawake.

Somo anayemfundisha mwari kujipaka manukato amfundishe na hili: harufu isiyoondoka kwa usafi huenda ni ugonjwa, na ugonjwa hutibiwa. Kwanza aende kwa daktari wa meno, kwa maana huko ndiko sababu nyingi ziliko. Meno yakiwa mazima na pua imeziba, basi pua iangaliwe.

Hesabu siku

Watu wengi wakisikia sainasi wanakimbilia duka la dawa. Subiri kwanza, uhesabu siku.

Maambukizi mengi ya sainasi yanaletwa na virusi vile vile vya mafua, na hupona yenyewe. Ni sehemu ndogo tu inayogeuka kuwa ya bakteria. Rangi ya kamasi peke yake haitoshi kukwambia, kwa sababu hata mafua ya kawaida huleta kamasi za kijani. Madaktari wanaangalia zaidi mwendo wa ugonjwa, na kuna hali tatu za kushuku bakteria.

Ya kwanza ni siku 10 kupita bila ya nafuu yoyote. Ya pili ni kupata nafuu, ukadhani umepona, kisha ukarudi kuumwa vibaya kuliko mwanzo. Ya tatu ni kuanza kwa ukali: homa ya nyuzi 39 au zaidi, pamoja na kamasi za usaha au maumivu makali ya uso, kwa siku 3 au 4 mfululizo. Ukiwa kwenye mojawapo ya hizi, nenda ukaonwe.

Na ikiwa dalili zimedumu zaidi ya wiki 12, hilo ni tatizo sugu. Wapo wanawake miongoni mwetu wenye pua iliyoziba tangu skuli, wamezoea kulala mdomo wazi na kujiita "mtu wa mafua". Hakuna mtu wa mafua. Nenda kwa daktari wa pua, masikio na koo.

Na yale yanayofanana nayo

Kipanda uso ndicho kinachotuchanganya zaidi. Wengi wanaoamini wana sainasi kumbe wana kipanda uso, na ndiyo maana wanameza dawa za pua miaka bila ya kupona. Kipanda uso mara nyingi hugonga kama ngoma, hupenda upande mmoja, huleta kichefuchefu, na mtu hutaka chumba chenye giza na kimya. Kinaweza pia kuleta machozi na pua kuziba kidogo, lakini kamasi nzito za usaha si tabia yake. Usiku wa kelele, njaa na kukosa usingizi, kama vile kesha la hina, unaweza kukiamsha.

Aleji nayo ina sura yake: chafya mfululizo, pua na macho kuwasha, kamasi nyepesi kama maji, na homa hakuna. Baada ya masika nyumba nyingi zina ukungu ukutani, na kabati la nguo za harusi lililofungwa muda mrefu likifunguliwa hutoa vumbi la kutosha kumwangusha mwenye aleji. Ukiona dalili zinakuja ukiingia chumba fulani na kuondoka ukitoka, jibu umelipata.

Na harufu mbaya na usaha upande mmoja tu wa pua, pamoja na gego linalouma upande huo huo, ni dalili ya kumtafuta daktari wa meno haraka.

Siku ya kutosubiri

Dalili zifuatazo hazingoji kesho, wala hazingoji harusi ipite: jicho au kope kuvimba na kuwa jekundu, kuona vitu viwili viwili au uoni kupungua, paji la uso kuvimba, kichwa kuuma kupita kiasi, shingo kukakamaa, kutapika mfululizo na homa kali, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida. Vijumba hivi viko jirani na macho na ubongo, na maambukizi yakivuka ukuta huo ni hatari ya maisha. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hina haijakauka.

Yanayofaa nyumbani

Kwa siku za mwanzo, mengi yanafanyika nyumbani. Pumzika, na hili nawaambia wenye nyumba ya harusi zaidi kuliko bi harusi. Kunywa maji na vitu vya moto. Lala kichwa kikiwa juu kidogo. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu usoni. Parasetamoli hupunguza maumivu na homa.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia sana. Kikombe kimoja cha maji, chumvi chini kidogo ya nusu kijiko cha chai, inama juu ya karo, pitisha polepole. Lakini maji yawe yamechemshwa na kupozwa. Mjini Karachi, Pakistan, wamefariki watu kwa kijidudu kiitwacho Naegleria fowleri, kinachoishi kwenye maji matamu ya uvuguvugu na kupanda ubongoni kupitia puani, na baadhi ya vifo vilihusishwa na maji ya bomba yaliyopandishwa puani wakati wa udhu. Ni ugonjwa nadra mno na simtii mtu wasiwasi na udhu wake. Nasema tu kwamba maji ya kusukuma ndani kabisa ya pua yanataka hadhari zaidi ya maji ya kuosha uso.

Nyungu je? Najua ina wapenzi wake. Mvuke humpa mtu nafuu kidogo ya muda, lakini sufuria la maji ya moto chini ya shuka limeunguza wengi. Sioni hekima ya kumfunika msichana juu ya maji yanayochemka wiki mbili kabla ya harusi yake. Bafu la maji ya moto linatosha. Na msimdondoshee mafuta puani, hata yakiwa ya habasoda. Mafuta yakiteleza mpaka mapafuni yanaweza kuleta homa ya mapafu.

Kuhusu dawa, nina mambo mawili. Antibaiotiki haziui virusi. Zile kapsuli za rangi mbili ulizobakishiwa na shangazi si zawadi. Zikitumiwa ovyo huwafundisha bakteria kuzizoea, na siku ukizihitaji kweli hazifanyi kazi. Daktari akikuandikia, fuata dozi aliyokupa. Na matone ya kuzibua pua ya dukani yasizidi siku 3 hadi 5. Yakizidi, pua huyazoea na kuziba zaidi kila yanapoisha nguvu. Ukiwa umeolewa karibuni na siku zako zimechelewa, mwambie mwenye duka la dawa kabla hajakupa chochote.

Na udi je?

Nitasema bila ya kuzunguka: moshi wa udi na ubani huwasha utando wa pua, na mwenye sainasi huzidiwa nao. Simwambii mtu auache. Mimi ni mtoto wa visiwa hivi na najua nyumba ya harusi isiyonukia udi si nyumba ya harusi. Lakini yapo ya kufanya. Fukizeni nguo na chumba bi harusi akiwa nje, fungueni madirisha, kisha aingie. Nywele zake zifukizwe kidogo, mara moja, si asubuhi na jioni. Kwa wiki anayoumwa, asumini na mawardi yatoshe. Harufu itabaki, moshi utakuwa umeondoka.

Wako watakaosema mila ni mila. Mila ya kumtunza mwari ilikuwepo ili atoke mzuri na mzima. Chetezo kikimtoa na uso umevimba, tumeshika moshi tukaacha utunzaji.

Jicho, dua na daktari

Husda ipo, nasi tunajikinga kwa dua. Silipingi hilo hata kidogo. Ninachopinga ni kuifanya husda kuwa jibu la kila kichwa kinachouma, kwa sababu jibu hilo humnyima mgonjwa matibabu. Mtume (s.a.w.) alihimiza watu watafute dawa. Msomee, kisha mpelekeni hospitali. Mambo hayo mawili hayajawahi kugombana.

Katika ibada pia dini yetu ina wepesi. Sunna ya kupandisha maji puani kwa bidii imetolewa aliyefunga, kwa hivyo mwenye Ramadhani na pua inayouma asijitese. Na anayeshindwa kusujudu kwa maumivu ana ruhusa ya kusali kwa namna anayoiweza. Muulize mwalimu wako namna ya kufanya, lakini usijione mpungufu.

Kwa mama, somo na bwana harusi

Mama, mwanao akisema uso unamuuma, mwamini. Usimwambie avumilie mpaka harusi ipite. Kama kuna safari ya ndege baada ya ndoa, ya Maskati au ya Uingereza, mwenye sainasi iliyoziba anaweza kuumwa vibaya sana ndege inapoteremka. Aonwe kabla.

Somo, ongeza swali moja katika mafunzo yako: "Una maradhi gani unayoyaficha?" Liulize mkiwa wawili tu, na jibu likae kwako.

Bwana harusi, kama mke wako ametuma kiungo hiki kwako, basi kisome vizuri. Harufu uliyoisikia, kukoroma, uso wa kununa asubuhi, vyote huenda vina sababu moja. Mpeleke kwa daktari kabla hujamlalamikia kwa mama yako.

Nawe bi harusi, umekaa ndani wiki nzima unasingwa na kila mtu anakutazama ngozi. Wewe peke yako ndiye unayejua kichwa kinafanyaje ukisujudu. Sema. Ukiona hawakusikii, sema tena kwa sauti kubwa zaidi. Siku 10 zikipita, vaa buibui lako, mchukue dada mmoja, nendeni kituo cha afya. Singo itakusubiri.

Allah awape afya mabibi harusi wetu wote, na awajaalie ndoa zenye mapenzi na rehema. Amin.